Namba Mbili

Mwezi mzima nilibeba ngazi
na mfuko wa vifungo vya plastiki,
nikimtundika shemeji yangu kwenye nguzo za taa
toka kanisa la Drumkeel hadi darajani.
Attracta Gilrane, mfamasia,
meno yamenyooshwa na mpiga picha,
na chini ya kidevu maneno manne
tuliyoyagombania usiku kucha mezani jikoni:
Anasikia. Anafanya. Anabaki hapa.

Mvua ya Leitrim haina chama.
Ilimlowesha yeye, ikawalowesha wapinzani,
ikampa Malachy Tansey machozi ya wino wa buluu
yaliyoshuka hadi kwenye tai.
Nilicheka. Nakiri nilicheka.

Kuna mlango unaofunguka kabla hujabisha,
chai ishamiminwa, na saa nzima inapotea
kwa mtu ambaye, ukiwa unaaga,
anakwambia kura yake iko kata nyingine.
Kuna mlango wenye mbwa;
alama ninayo chini ya goti la kushoto.
Kuna pazia linalotikisika, redio inayozimwa ghafla.
Na kuna mzee Packie Loughlin: "Kura yangu ni yako, binti,"
neno alilokwisha kuwapa wagombea wote saba.
"Ningewaambia nini?" aliniuliza baadaye.
"Wamekuja na mvua yote hii."

Attracta alikuwa na daftari.
Taa ya barabara, Bi Noone. Mtaro, akina Keaney.
Basi la wagonjwa wa saratani: linaondoka alfajiri,
linarudi usiku, viti haviegemei.
Hili alilipigia mstari mara mbili,
na ndani ya gari akanyamaza kilomita tatu.
Nilimwamini kwa kimya kile
kuliko kwa hotuba zote.

Tansey hakuwa na daftari. Tansey alikuwa na mazishi.
Miaka ishirini na tano ya udiwani, hajakosa jeneza:
koti jeusi, mikono miwili juu ya mkono wako mmoja,
jina la marehemu, na jina la ng'ombe wa marehemu.
Jikoni kwetu tulimwita Kunguru.

Mama yangu alipofariki, Februari, barabara imeganda,
padri mwenyewe alichelewa.
Kunguru alikuwa ameshafika,
anamwaga chumvi kwenye vidato vya mlango
ili wabeba jeneza wasiteleze.
Hakukuwa na uchaguzi mwaka ule.
Nimeligeuza jambo hili kila upande
na sijauona mshono.

Huku kwetu hatuweki alama moja tukaenda zetu.
Tunawapanga watu kwa namba, kama watoto kwa kimo,
mpaka penseli ichoke.
Moja ilikuwa ya Attracta, sikufikiri.
Halafu penseli ikasimama.
Nikasikia chumvi ikimwagwa.

Kura zilihesabiwa kwenye ukumbi wa michezo,
sisi tumeegemea uzio wa chuma
kama wanunuzi wa ng'ombe mnadani.
Raundi ya sita wakamtoa Attracta.
Akaguna, akavua viatu.
Kura za aliyetolewa hazizikwi naye;
zinafunguliwa, inasomwa namba ya pili,
zinahamia kwa walio hai.
Nikalitazama fungu lake likigawanywa
na fungu la Tansey likinenepa.
Kiti cha mwisho alikipata kwa kura tisa.
Moja ya hizo tisa naujua mwandiko wake.

Alikuja kumshika Attracta mkono, kwa mikono miwili.
Kisha akanigeukia mimi:
"Na zizi la ndama, paa bado linavuja?"

Sheria inatupa siku saba kushusha mabango.
Siku ya saba, ngazi tena, mkasi, mvua.
Plastiki ile ni ngumu.
Nimeezeka zizi kwa nyuso za Attracta arobaini na mbili,
zinawatazama ndama kutoka juu.
Upande wa upepo zilipungua,
nikaokota moja ya buluu mtaroni.

Attracta amekuja kuona.
Amesimama chini ya ile ya buluu kwa muda.
"Haivuji?"
"Haivuji."